Laptopu inachemka? Nilivyotumia 60,000 kupata jibu

Nahariri video za harusi, ofisi yangu ni chumba kimoja Chumbageni, Tanga. Kaskazi iliyopita laptopu yangu ilianza kujizima. Feni inavuma kama mashine ya kusaga, kisha kioo cheusi, kazi ya saa nzima imepotea. Mama wa bibi harusi alinipigia mara tatu kwa siku moja: "Mwanangu, wageni wangu wanavuka kurudi Pemba Ijumaa, hiyo video nitawaonyesha lini?" Niliona aibu sana.

Nikakimbilia kununua kile kitako chenye feni mbili cha kuwekea laptopu juu, shilingi 35,000. Nikaweka programu ya HWMonitor nipime joto la ndani. Wakati wa kutoa video, yaani kompyuta inapotengeneza faili la mwisho, prosesa (ubongo wa kompyuta) ilikuwa inafika nyuzi 97, na kikomo chake ni 100. Juu ya kitako ikashuka hadi 94. Nyuzi tatu tu! Nilikuja kuelewa baadaye: kile kitako kinapuliza hewa ya chumbani, ambayo mchana yenyewe ina nyuzi 32, na inaishia kwenye plastiki ya chini. Joto lilikuwa limenasa ndani.

Ndipo nikaenda kwa fundi mmoja Ngamiani. Nilichompendea, alifungua mbele yangu. Kati ya feni na yale mapezi ya kutolea joto palikuwa na vumbi limeshikana kama sufi. Alilivuta kwa koleo dogo likatoka zima, kipande kama cha godoro. Huku pwani hewa ina unyevu, vumbi linanata, halipeperuki. Na ile pesti ya kupitishia joto iliyopakwa juu ya prosesa ilikuwa imekauka, anaikwangua inakatika kama chokaa.

Aliifuta kwa spiriti mpaka prosesa ikang'aa, akaweka pesti mpya, kitone kama punje ya mchele. Nikamwambia ongeza. "Hapana kaka, hii kazi yake ni kuziba vinafasi tu. Ukijaza inazuia joto." Kabla ya kupuliza feni aliishika kwa kijiti cha meno isizunguke, maana ikizungushwa kwa nguvu inaharibika. Saa moja, shilingi 25,000.

Nilirudia kutoa video ileile: nyuzi 76. Na iliyokuwa inachukua dakika 50 ikatoka kwa 34, kwa sababu prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe. Hilo sikulijua; nilidhani mashine imezeeka, nilishaanza kuulizia bei ya nyingine. Mama alipata video yake Alhamisi usiku.

Lawama yangu ni moja: skurubu ya pembeni haikurudishwa, ikabidi nipande bajaji kesho yake kuifuata. Aliiweka bila neno.

Kile kitako nimemwachia mdogo wangu. Mimi naweka laptopu mezani, kamwe si kitandani, maana godoro linaziba matundu ya chini ya kuvutia hewa. Chini ya miguu ya nyuma nimeweka vizibo viwili vya soda, hewa inapita. Nikiwa na kazi ndefu mchana, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows nashusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99; turbo, yaani ile kasi ya ziada ya prosesa, inazimika, kazi inachelewa kidogo, feni inatulia. Na vumbi nimepanga lisafishwe kila kaskazi inapokaribia.