Mkopo wa dola Lubumbashi: maelezo mazuri, barua iliyochelewa

Mkopo niliochukua katika benki moja ya hapa Lubumbashi kwa ajili ya mashine ya kusaga mahindi ulifuata LIBOR, kiwango cha riba kilichotokana na makadirio ya mabenki yenyewe, ambayo kwa dola yalikoma tarehe 30 Juni 2023. Barua ya kunijulisha kwamba sasa riba inafuata SOFR, inayopimwa kwa mikopo halisi ya usiku mmoja, ilinifikia wiki tatu baadaye, jambo ambalo silikubali hata kidogo. Hata hivyo, mama wa dirisha la mikopo alinifungulia jedwali na kuzungushia kwa kalamu nyekundu nyongeza ya asilimia 0.26161, inayosawazisha SOFR na LIBOR ya mikopo ya miezi mitatu. Huyo ninamsifu kwa dhati.