Tiba ya punje za mionzi kwenye ini: tuliyoyaona na ami yangu

Naona watu wengi hapa Mombasa waulizia hii radioembolaizesheni, yaani kutiwa punje za mionzi kwenye ini lenye kansa, wengine washaambiwa na maajenti eti ni sindano moja tu kansa yote yaisha, ndio nikasema niandike maana ami yangu alifanyiwa India na mimi ndiye niliyemsindikiza. Tiba yenyewe naipa nyota nne. Ajenti aliyetupangia safari nampa moja.

Tuliielewa pale daktari alipotuchorea kwenye karatasi. Ini lenyewe damu yake nyingi, kama robo tatu hivi, lapata kwa mshipa unaotoka matumboni, lakini uvimbe wa kansa wanywa zaidi kwa ateri. Basi wao wapitia ateri hiyohiyo, wanaingiza mrija mwembamba kutoka kwenye nena au mkononi hadi ndani ya ini, halafu wanamwaga punje zenye itriamu 90, ndio madini yenye mionzi, ndogo hata huzioni kwa macho, zinakwenda kukwama kwenye uvimbe zinauchoma kwa ndani. Mionzi yake yafika wastani milimita 2.5 tu, na nguvu yapungua nusu kila baada ya masaa 64.

Sasa jambo ambalo ajenti hakututajia kabisa ni kile kipimo cha njia. Kabla ya tiba mgonjwa anaingizwa mrija mara ya kwanza, wanatia dawa ya kujaribia waone itaelekea wapi, maana kuna uvimbe una vijia vya kupeleka damu mapafuni, punje zikipita nyingi huko mapafu yaharibika, na zikipotelea tumboni ni vidonda. Hapo mtu aweza kuambiwa hufai, rudi nyumbani. Na ajenti alitaka pesa zote za tiba kabla ya kipimo hicho! Familia imeuza kiwanja, imechangisha msikitini, mgonjwa akikataliwa je? Mkatalieni, lipeni kipimo kwanza, ya tiba baadaye. Na bilirubini, ile rangi ya manjano inayozidi mwilini ini likichoka, pimeni mapema, ni kutoa damu tu, yafanywa hapahapa Mombasa. Macho yakiwa yashakuwa manjano na tumbo limejaa maji, mara nyingi madaktari hawamfanyii, ini halitahimili, na safari yote itakuwa ni kumtesa mzee wa watu.

Siku yenyewe ami hakulazwa usingizi, alitiwa ganzi tu na dawa ya kutuliza, atuambia alikuwa akivuta uradi kimoyomoyo huku amwona daktari asukuma dawa kutoka kwenye kisanduku kizito cha plastiki cha kuzuia mionzi. Maumivu hayakuwa makubwa. Kilichomtesa ni uchovu, siku nyingi alikuwa ni wa kulala, hata uji wa mchele ulimshinda, na homa kidogo ya jioni. Wajukuu walikatazwa kumpakata siku za mwanzo, na mama mjamzito pia asikae naye karibu. Na msiondoke hospitali bila barua ya kueleza mgonjwa ametiwa mionzi, mitambo ya airport yaweza kulia.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu watu wauziwa hii kama ndio mwisho wa kansa. Marekani walizipitisha punje hizi, za aina iliyotengenezwa kwa kioo, kwa kansa ya ini Machi 2021, sawa, lakini kuna utafiti mkubwa wa Ufaransa uliotoka 2017 walilinganisha tiba hii na vidonge vya kansa viitwavyo sorafenib kwa wagonjwa ambao kansa ishasonga mbele, waliofanyiwa hawakuishi zaidi ya wa vidonge, ila madhara yalikuwa machache. Hilo si dogo kwa mtu anayetaka kukaa na watu wake akiwa na nafuu, lakini mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla hajatoa hata shilingi.

Skani ya kufuatilia si lazima mrudi India. Ya ami tulifanya hapa mjini, picha zikatumwa kule wakazisoma. Uvimbe bado upo, ila umekufa sehemu kubwa ya katikati, na ami sasa ala samaki wake wa kupaka na aenda msikitini kwa miguu.