Pica: maktaba ya JavaScript ya kupunguza picha, kwa macho ya mtengeneza tovuti wa Arusha

Anayetengeneza tovuti za kampuni za utalii hapa Arusha hukutana na tatizo la picha kubwa kabla hajakutana na tatizo jingine lolote. Mwongoza watalii yuko Serengeti na kamera iliyojaa picha za pikseli 6000 kwa 4000, ofisi ya Njiro inazitaka zionekane kwenye tovuti jioni hiyo hiyo, na mtandao wa kambi aliyolala unatosha kutuma ujumbe wa maandishi na pengine sauti fupi. Picha moja ya JPEG ya vipimo hivyo huweza kufika MB 8 au zaidi. Pica ni maktaba ya JavaScript, yaani msimbo ulioandikwa tayari ambao mtengeneza tovuti huuingiza kwenye ukurasa wake, inayopunguza vipimo vya picha ndani ya kivinjari chenyewe, kabla faili halijagusa mtandao, na baada ya kuitumia kwa wateja wa aina hii hukumu yangu ni kwamba inastahili kabisa nafasi yake kwenye ukurasa wa kupakia picha, lakini haina kazi yoyote kwenye ukurasa anaousoma mgeni. Watengenezaji wengi huchanganya kurasa hizo mbili, kwa hiyo nianze na ule ambao Pica haifai.

Mgeni anapofungua tovuti, kivinjari hupakua faili la picha kama lilivyo kwenye seva. Msimbo wowote wa JavaScript unaobadilisha upana wa picha kwenye ukurasa, hata ukiandikwa kwa ustadi wa namna gani, hufanya kazi juu ya faili ambalo limekwisha kupakuliwa au liko njiani. Picha itaonekana ndogo, lakini bando limekwisha kuliwa. Chukua ukurasa wa matunzio wenye picha 20 za MB 6 kila moja: huo ni mzigo wa MB 120, na kuzipunguza kwa macho tu hakumsaidii mtu wa Moshi anayetumia bando la siku, wala Mjerumani anayepanga safari yake akiwa ndani ya treni. Dawa ya upande huo inajulikana na haihitaji JavaScript hata kidogo. Seva iwe na nakala kadhaa za kila picha, kwa mfano za upana wa pikseli 480, 960 na 1600, kisha sifa za HTML ziitwazo srcset na sizes zikiachie kivinjari kuchagua nakala inayolingana na kioo cha simu. Ukiongeza loading="lazy", picha za chini hazipakuliwi mpaka msomaji azikaribie; na ukiandika width na height kwenye kila picha, maandishi hayarukiruki wakati picha zinaingia. Anayenunua maktaba ya watu, au hata kuipata bure, ili kufanya kazi hiyo anajitwisha mzigo usio na faida.

Upande wa kupakia ni habari nyingine. Hapo picha iko mkononi mwa mwongoza watalii, na JavaScript ndiyo pekee inayoweza kuifikia kabla haijaanza safari ya mtandao. Njia ambayo wengi hujifunza kwanza ni kuichora picha kwenye kanvasi ndogo, yaani eneo la kuchorea ambalo kivinjari humpa msimbo, kwa amri ya drawImage, kisha kuitoa kama faili kwa toBlob. Ni mistari michache, haihitaji maktaba yoyote, na kwa picha ya risiti au ya kitambulisho inatosha. Kwa picha za wanyama, haitoshi.

Mfano bora ni pundamilia. Ukipunguza picha kutoka upana wa pikseli 6000 hadi 1200, kila pikseli mpya inawakilisha eneo la pikseli 25 za zamani, tano kwa tano. Kivinjari kinachochora kwa njia yake ya kawaida mara nyingi husoma pikseli nne tu zilizo jirani na sehemu husika, kikapima wastani wake, na kuziacha zile 21 kana kwamba hazikuwapo. Kwenye mapaja, ambako mistari ya pundamilia ni mipana, hutaona kasoro. Tazama usoni na miguuni, ambako mistari ni myembamba: pale mstari mweusi unakatika, unaanza tena, unapanda ngazi kama ukingo wa tofali, na kuzunguka pua kunatokea madoa ambayo mnyama hana. Majani makavu ya Tarangire nyuma yake yanageuka kuwa chembechembe zinazometameta. Mteja hajui kilichotokea, lakini anajua kuwa picha aliyolipia kamera ya mamilioni ya shilingi inaonekana ya simu ya zamani, na anauliza kwa nini.

Pica hufanya hesabu tofauti. Chujio lake la Lanczos, yaani kanuni ya kuchanganya pikseli za zamani kupata mpya, lililopewa jina la mwanahisabati wa Hungaria Cornelius Lanczos, hutazama upana wa pikseli tatu mpya kila upande wa sehemu inayohesabiwa. Kwa upunguzaji ule ule wa mara tano, hizo ni pikseli 15 za zamani kila upande, yaani 30 kwa mlalo na 30 kwa wima, na kila moja hupewa uzito wake kadiri ilivyo karibu au mbali. Matoleo ya karibuni yana chujio jingine liitwalo mks2013, linalotokana na kazi ya John Costella, ambalo hupunguza na kunoa picha kwa wakati mmoja, nalo ndilo linalotumika usipochagua kitu. Nimeliacha hivyo kwa karibu kila mteja. Mistari ya uso wa pundamilia inabaki mistari, sharubu za simba zinahesabika, na nyasi zinabaki nyasi. Yapo mapendeleo ya kuongeza unoaji, yaani unsharpAmount na wenzake wawili, na maelezo ya maktaba yanasema thamani kati ya 100 na 200 kwa kawaida inafaa. Kwa maoni yangu anayetumia mks2013 na bado akaongeza 200 juu yake atapata manyoya yanayofanana na waya.

Mtu anaweza kusema kwamba kanvasi nayo ina sifa ya imageSmoothingQuality, ambayo ukiiweka "high" hupata matokeo mazuri zaidi. Ni kweli kwa baadhi ya vivinjari, na pale inapofanya kazi tofauti na Pica hupungua. Tatizo ni kwamba kila kivinjari kinaamua chenyewe maana ya neno hilo, na vingine vimekaa muda mrefu bila kulijali. Pica hufanya hesabu yake yenyewe, hivyo picha iliyopunguzwa kwenye simu ya dereva na ile iliyopunguzwa kwenye kompyuta ya ofisini hutoka na sura moja. Kwa ukurasa wa matunzio unaokusanya picha za watu wengi, ulingano huo una thamani kubwa kuliko kasi.

Kasi yenyewe hainipi malalamiko. Maktaba huikata picha katika vigae, kwa kawaida vya pikseli 1024, ikapeleka hesabu pembeni mwa uzi unaoendesha ukurasa, na pale kivinjari kinaporuhusu hutumia WebAssembly, aina ya msimbo unaokwenda kasi zaidi kwenye kivinjari, badala ya JavaScript tupu. Yote hayo hujichagua bila wewe kuamuru. Matokeo yake ni kwamba mtumiaji anaweza kuendelea kuandika maelezo ya picha ya pili wakati ya kwanza inapunguzwa, jambo ambalo kwa simu za bei ya kawaida zinazouzwa mjini si dogo.

Simu hizo hizo ndizo zinazofichua udhaifu mkubwa zaidi, ambao chanzo chake si Pica bali ni namna vivinjari vinavyoshika picha. Faili la MB 8 likifunguliwa halibaki MB 8. Pikseli 6000 kwa 4000 ni pikseli milioni 24, kila moja inachukua baiti nne, na jumla ni MB 96 za kumbukumbu kwa picha moja. Mtumiaji akichagua picha kumi na msimbo wako ukazifungua zote kwa pamoja, simu yenye kumbukumbu ndogo itaufunga ukurasa bila hata kuomba radhi. Aidha, Safari ya iPhone kwa miaka mingi ilikuwa na kikomo cha pikseli 16,777,216 kwa kanvasi moja, kwa hiyo picha nzima ya kamera ya milioni 24 haikuweza kuchorwa humo. Ushauri wangu ni kuzipanga picha kwenye foleni na kuzishughulikia moja baada ya nyingine, ukiachilia kanvasi ya kila picha kabla ya kufungua inayofuata. Watunzaji wa Pica wametoa pia maktaba dada, image-blob-reduce, inayopokea faili moja kwa moja, inayojali mwelekeo wa picha iliyopigwa wima, na inayotumia kumbukumbu kwa uangalifu zaidi. Kwa ukurasa wa kupakia, wengi watafaidika zaidi na hiyo dada kuliko na Pica yenyewe.

Hata hivyo, kuna tofauti moja kati ya hizo mbili ambayo mtu wa utalii hapaswi kuipita haraka. Kamera na simu huandika ndani ya JPEG taarifa ziitwazo EXIF: saa, aina ya kamera, mwelekeo, na mara nyingi, hasa kwenye simu, mahali hasa picha ilipopigwa kwa vipimo vya GPS. Picha inayopita kwenye kanvasi na kutolewa kwa toBlob hupoteza taarifa hizo zote, kwa kuwa kanvasi hushika rangi za pikseli na si kitu kingine. Kwa Pica tupu, basi, picha ya faru mweusi iliyopigwa kwa simu ndani ya kreta ya Ngorongoro hutoka bila alama ya mahali. Maktaba dada imeundwa kuhifadhi taarifa za JPEG, jambo ambalo mpiga picha anayetaka jina lake na haki zake zibaki ndani ya faili atalishukuru. Lakini kwa mpangilio huo huo, mahali alipoonekana faru hubaki ndani ya faili na kupanda hadi kwenye tovuti, ambako yeyote anaweza kulipakua na kusoma. Ujangili wa faru haujaisha duniani, na hakuna sababu ya kampuni ya Arusha kuwasaidia majangili kazi ya kutafuta. Kwa wateja wangu ninaondoa taarifa za mahali kwa kila picha bila kuuliza, kwenye simu kwanza na kwenye seva tena.

Mambo mawili madogo yaangaliwe wakati wa kutoa faili. Ukiomba aina ya faili ambayo kivinjari hakiwezi kuiandika, hakitakuonya. Kitakupa PNG, aina ya faili la picha isiyotupa chochote wakati wa kubana, kimya kimya, na PNG ya picha ya mbuga huweza kuwa kubwa kuliko JPEG uliyoanza nayo. Anayeomba WebP, aina nyingine ya faili la picha, na aikague aina ya faili lililotoka kabla ya kulituma. Pili, baadhi ya vivinjari vina ulinzi dhidi ya ufuatiliaji unaozuia msimbo kusoma pikseli za kanvasi. Pica hulitambua hilo na kurudisha kosa badala ya kutoa picha iliyoharibika, uamuzi ambao naupenda, lakini ni wajibu wa mtengenezaji kulikamata kosa hilo na kumweleza mtumiaji kwa Kiswahili kinachoeleweka, au kulipeleka faili la asili kama lilivyo.

Seva nayo isiamini kwamba kila kinachoingia kimepunguzwa. JavaScript inaendeshwa kwenye kifaa cha mtu mwingine, na mtu huyo anaweza kuizima au kuikwepa. Kwa hiyo kikomo cha ukubwa na ukaguzi wa aina ya faili vibaki kwenye seva hata Pica ikiwapo. Zile nakala za upana tofauti nilizotaja mwanzoni pia hutengenezwa huko, kutokana na picha iliyofika.

Pica ni ya bure, ina leseni ya MIT inayoruhusu matumizi ya biashara, na faili lake lililobanwa halifiki KB 100, uzito unaolipwa na picha ya kwanza tu itakayopunguzwa. Maelezo yake yako kwa Kiingereza na ni mafupi kuliko ambavyo anayeanza angependa. Anayejua kanvasi na ahadi za JavaScript (Promise, njia ya kusubiri kazi inayomalizika baadaye) atayamaliza kwa kikao kimoja, asiyejua atahitaji mtu wa kumkalia karibu.

Ofisi ndogo ambayo haina mtengeneza tovuti, na inayoweka picha chache kwa mwezi, sioni kwa nini ihangaike nayo. Squoosh, programu ya wavuti iliyotolewa na Google mwaka 2018, hufanya kazi ile ile ndani ya kivinjari bila kutuma picha popote, inakuonyesha picha ya kabla na ya baada kwa kuburuta mstari katikati, na ina chujio la Lanczos vilevile. Hushughulikia picha moja kwa wakati, na kwa mtu mwenye picha 200 za msimu wa nyumbu hiyo ni adhabu. Kwa huyo wa pili ninaweka Pica na upande mrefu wa pikseli 2048, ubora wa JPEG wa 0.82, na kitufe kidogo kinachosema "Tuma picha halisi", kwa ajili ya zile chache zinazokwenda kuchapwa kwenye mabango.