Kigololi mbele ya sikio: tulivyomfanyia binti yangu upasuaji

Kilianza kama chunusi mbele ya sikio la kushoto, binti yangu akiwa na miaka sita. Miezi mitatu baadaye kilikuwa kigumu kama kokoto, ngozi yake ina ubluu kwa mbali, na ukikibonyeza upande mmoja, wa pili unanyanyuka. Maumivu hana. Zahanati walisema jipu, tukamaliza dozi mbili za antibayotiki, hola. Mama mkwe akawa anakikanda kwa maji ya moto kila jioni, nami natazama tu. Ningesemaje?

Daktari wa upasuaji wa watoto alikigusa akasema, "Mama, hiki si jipu wala tezi. Ni pailomatrikoma." Uvimbe usio saratani, unaoota kwenye shina la unywele na kujaa chokaa ndani, ndiyo maana ya ule ugumu. Dawa haziuondoi, hukatwa. Ultrasaundi ikaonyesha chokaa yenyewe. Kabla sijasaini alinieleza kuwa mbele ya sikio unapita mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, kwa hiyo atakwenda polepole. Hilo lilinitisha, lakini nashukuru alilisema mapema.

Sasa lawama yangu. Tuliambiwa mtoto asile wala kunywa chochote tangu saa sita usiku. Zamu yetu ikafika saa saba mchana! Alilia njaa na kiu korido nzima, na ni daktari wa usingizi aliyekuja kunishangaa: maji matupu yanaruhusiwa hadi masaa mawili kabla ya nusu kaputi. Ulizeni hili jioni ya kuamkia upasuaji, msingoje kuambiwa.

Chumba cha upasuaji alikaa chini ya saa moja. Kilitolewa kizima na kiganda chake, maana kikibaki kipande kinaweza kuota tena. Nikakabidhiwa kikopo chenye formalini (dawa ya kuzuia kinyama kisioze) nikipeleke maabara mwenyewe, jengo la pili, na kulipia pembeni. Inachosha, ila msikubali kitupwe bila kupimwa. Jina analoutajia daktari uvimbe ni dhana tu mpaka kinyama kisomwe kwa hadubini. Majibu yalichukua wiki tatu, yakathibitisha. Mwenye uvimbe wake alitaka arudishiwe "jiwe" akaonyeshe shuleni.

Mwezi wa nane huu tangu upasuaji, kovu ni kamstari kembamba kanakofichwa na nywele. Mama mkwe anasema maji yake ya moto ndiyo yaliyokilainisha.