Makumbusho ya District Six, Cape Town: ramani yenye majina ya waliofukuzwa

Makumbusho haya yamo ndani ya kanisa la zamani la Wamethodisti, kwenye barabara ya Buitenkant, na katika yote niliyowahi kuyatembelea hakuna yaliyonigusa kama haya, kwa sababu waliofukuzwa ndio walioshiriki kuyatengeneza na kalamu bado wameishika wao.

Mtaa wa District Six ulipewa jina hilo mwaka 1867, ukiwa wilaya ya sita ya mji, na ukajaa wazao wa watumwa walioachwa huru, mafundi, vibarua, wafanyabiashara na wahamiaji. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya ubaguzi wa rangi iliutangaza kuwa eneo la Wazungu peke yao. Katika miaka iliyofuata watu zaidi ya 60,000 walihamishwa kwa nguvu, wengi wakapelekwa Cape Flats, tambarare iliyo pembezoni mwa mji, mbali na kazi zao na majirani zao, huku nyuma tingatinga zikisawazisha nyumba na kubakiza misikiti na makanisa machache.

Kazi iliyonishika zaidi ni ramani kubwa ya mtaa iliyochorwa sakafuni. Wakazi wa zamani wameandika kwa mkono majina ya familia zao palepale nyumba zilipokuwa, herufi nyingine zimenyooka, nyingine zimebanana kwa kukosa nafasi. Nilimwona mzee mmoja akiinama taratibu, akafuata barabara kwa kidole, akapita kona moja, ya pili, kisha kidole kikatulia na mjukuu wake akachuchumaa karibu naye asome.

Karibu na ramani vimetundikwa vibao halisi vya majina ya barabara. Mtu aliyehusika na ubomoaji aliagizwa avitupe baharini, akavificha kwake kwa miaka mingi hadi maonyesho ya kwanza ya mwaka 1994. Kipo pia kitambaa kirefu ambacho watu huandika majina na kumbukumbu zao, kisha maandishi hayo hudariziwa kwa uzi ili yasifutike.

Sanaa nyingi kuhusu wasio na makazi huonyesha mkono ulionyooshwa kuomba, nasi tunaoijua bomoabomoa ya miji yetu tumezizoea picha hizo. Hapa ukosefu wa makazi una tarehe, una sheria iliyouleta, na kila familia iliyoandika jina lake ina anwani. Naamini wasanii wa kwetu wanaofanya kazi na wakazi waliovunjiwa nyumba wana mengi ya kujifunza katika sakafu hiyo.

Anayekwenda atenge saa mbili au zaidi, kwa kuwa maandishi ni mengi, na akipata mwongozo aliyewahi kuishi mtaani humo amwombe aanzie kwenye ramani. Akitoka, apande kwa miguu hadi kwenye mtaa wenyewe. Sehemu kubwa ya ardhi ile ilikaa tupu kwa miongo mingi, na wapo waliozeeka wakisubiri kurudishwa.