Vitabu vya Marekani ilivyoanza na watu waliohamia kule: kipi ununue, kipi usome bure

Kama unataka kusoma Marekani ilianzaje, ushauri wangu usianze na maraisi. Vitabu vya kina Washington ni vingi na vinene, na vingi vinakuonyesha nchi ilivyoonekana kutokea sebuleni kwa tajiri, wakati ile nchi imejengwa na watu waliotoka kwingine, kuna waliokuja kwa hiari, kuna waliokuja kwa deni la nauli, kuna waliopakiwa na minyororo. Kwa hiyo hapa nimepanga kwa kuangalia nani anasimulia na alifikaje pale, umaarufu wa kitabu nimeuweka pembeni.

Namba moja haina mpinzani: The Interesting Narrative cha Olaudah Equiano, kilitoka London 1789, mwaka uleule Washington anaapishwa. Jamaa anasimulia alivyopandishwa melini akiwa mtoto, anaona sufuria kubwa la shaba linatokota na watu weusi wamefungwa pamoja, akajua leo naliwa, akaanguka akazimia. Alipozinduka akawauliza wenzake kama hawa watu wenye nyuso nyekundu na nywele ndefu ndo watamla. Miaka inapita, yuko visiwa vya Karibi bado ni mtumwa, anaanza biashara na peni tatu tu, ananunua bilauri moja kisiwa hiki anaiuza kile kwa peni sita, safari inayofuata ananunua mbili, anaendelea hivyohivyo mpaka 1766 anamlipa bwana wake anajinunua mwenyewe. Aliyewahi kuanza na mtaji wa fungu la nyanya atamwelewa bila kuelezwa. Ila ujue kuna rekodi ya ubatizo inayosema alizaliwa Carolina, huko huko Marekani, na siyo Afrika, wasomi bado wanavutana, ndo maana nasema nunua toleo la Penguin lenye maelezo ya Vincent Carretta, yeye ndo aliyeiibua hiyo hoja. Matoleo yasiyo na jina la mhariri yamejaa mtandaoni, mengi ni yaleyale maandishi ya bure yamechapwa na kuwekewa jalada zuri, usipoteze hela hapo.

Namba mbili Never Caught cha Erica Armstrong Dunbar, 2017. Ni habari za Ona Judge, binti aliyekuwa mtumwa nyumbani kwa Washington pale Philadelphia. Sheria ya Pennsylvania ilimpa mtumwa aliyeletwa pale haki ya kudai uhuru akikaa miezi 6, basi Washington akawa anawazungusha watumwa wake, wanatolewa nje ya jimbo kabla muda haujatimia kisha wanarudishwa, raisi wa nchi huyo! Mwaka 1796 familia iko mezani inakula, Ona akatoka akaondoka, akapanda meli mpaka New Hampshire, na hawakufanikiwa kumrudisha tena mpaka anakufa. Kina toleo la vijana pia, kama una watoto wanaosoma shule kule wanunulie hilo.

Namba tatu usinunue, soma bure: kitabu cha safari ya Gottlieb Mittelberger, Mjerumani aliyekwenda Pennsylvania 1750 na kurudi kwao 1754. Anaeleza Wajerumani waliofika bila nauli walivyouzwa pale pale melini watumikie miaka, wazazi wanawauza watoto wao ili wao washuke, na mume akifia baharini safari ikiwa imepita nusu mjane analipa nauli ya wote wawili. Aliandika ili kuwatisha wenzake wasiende, kwa hiyo msome ukijua hilo, lakini mambo ya madeni ya nauli siyo hadithi. Tafsiri ya Kiingereza ya 1898 ipo Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni.

Alexander Hamilton cha Ron Chernow, 2004, nakipa namba nne. Ni habari za waziri wa kwanza wa fedha wa Marekani: yatima kutoka kisiwa cha Nevis huko Karibi, karani wa duka kisiwa cha St. Croix, anaandika barua kuhusu kimbunga cha 1772 watu wanachanga hela aende shule, kurasa hizo za mwanzo ni tamu mno. Baada ya hapo ni kurasa karibu 700 za siasa na benki, na kwenye utumwa Chernow kamsafisha sana mtu wake, watafiti wamempinga kwa hesabu za Hamilton mwenyewe zinazoonyesha alinunua watu. Chukua kilichotumika, kinapatikana kwa bei ya chini.

Cha tano Common Sense cha Thomas Paine, Januari 1776, kijitabu cha kuwahimiza watu wa makoloni ya Marekani wajitenge na Uingereza. Huyu alikuwa ametoka Uingereza miezi kama 14 tu kabla, na anawaambia watu kwamba wakazi wa Pennsylvania wenye asili ya Kiingereza hawafiki hata theluthi, sasa Uingereza ni mama wa nani? Ni kifupi, unakimaliza jioni moja, kipo bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg.

Cha mwisho Letters from an American Farmer cha Crèvecoeur, Mfaransa aliyehamia kule, 1782, sifa nyingi mno kwa Mzungu mhamiaji. Soma barua ya 3 halafu ruka mpaka ya 9, ile ya mtumwa aliyefungiwa kwenye tundu mtini.

Na nyie ndugu zangu mlioko Columbus au Portland mnaojiandaa na mtihani wa uraia, maswali na majibu yote yapo bure kwenye tovuti ya USCIS, idara ya uraia na uhamiaji ya Marekani, ukiona mtu anakuuzia kitabu chake mwambie asante. Hakikisha tu unasoma toleo linaloendana na tarehe uliyopeleka fomu ya kuomba uraia, maana mtihani ulibadilishwa 2025.