PowerSurvivor 40E: Tathmini ya mtambo wa maji kwa familia inayoishi ndani ya mashua ya tanga, Pasifiki ya Kusini

Familia inayoamua kuhamia ndani ya mashua ya tanga na kuivuka Pasifiki hukabiliwa na maswali mengi, lakini swali la maji ya kunywa huyatangulia yote, kwa kuwa chakula kinaweza kupunguzwa na upepo unaweza kusubiriwa, ilhali mtoto mwenye kiu hawezi kuambiwa avumilie hadi wiki ijayo. Sisi ni watu 4, wazazi wawili na mabinti wawili wa umri wa shule ya msingi, na mashua yetu ya mita 12 ina matangi ya lita 300 tu. Mtambo tuliouchagua ni Katadyn PowerSurvivor 40E, mtambo mdogo wa umeme wa volti 12 unaogeuza maji ya bahari kuwa maji matamu. Tumeutumia tangu Panama, tukapita nao visiwa vya Marquesas na Tuamotu hadi Tahiti, na ninaueleza hapa kama mama anayeendesha nyumba juu ya maji, si kama fundi.

Maji ya bahari hubeba takribani gramu 35 za chumvi katika kila lita. Ili kuyatoa maji matamu ndani yake, hayana budi kusukumwa kupitia utando mwembamba sana unaoyaruhusu maji kupita na kuizuia chumvi. Kwa kuwa maji hupenda kuifuata chumvi iliko, msukumo huo lazima ushinde nguvu inayofikia karibu mara 27 ya shinikizo la hewa tunayoivuta, na pampu ya 40E hufikisha takribani mara 55. Katika kila lita 10 za maji ya bahari zinazoingia, lita 1 hutoka ikiwa tamu. Lita 9 zinazobaki, ambazo bado zimo katika shinikizo kubwa, haziachwi zirudi baharini bure, bali hupitishwa kwanza nyuma ya pistoni ili zisaidie kuisukuma. Hapo ndipo ilipo akili ya mtambo huu: bila msaada huo pampu ingedai injini au jenereta, na kwa msaada huo hutosheka na ampea 4 za betri, yaani wati 48.

Kwa mujibu wa mtengenezaji, mtambo hutoa lita 5.7 kwa saa, na vipimo vyetu havikuachana sana na idadi hiyo. Anayeisoma akiwa nchi kavu, mahali ambapo bomba moja humwaga kiasi hicho kwa muda mfupi, ataiona ni ndogo mno. Tukiuendesha kwa saa 5 tunapata lita 28 hivi, kwa gharama ya wati-saa 240, ambazo paneli moja ya sola ya wati 100 huweza kuzirudisha kwa siku moja ya jua la tropiki, mradi kivuli cha mlingoti au cha tanga kisiiangukie. Takribani lita 12 ni za kunywa, kwa sababu joto la huku halina mchezo. Lita 6 huenda jikoni, na wali tunaupika kwa kuchanganya theluthi moja ya maji ya bahari, hivyo hatuutii chumvi nyingine. Zinazobaki ni za kusuuzia vyombo vilivyokwisha kuoshwa kwa maji ya bahari, na za kusuuzia watoto.

Kuhusu watoto nitaeleza kidogo, kwa kuwa matangazo ya vifaa vya mashua hayaligusi jambo hili. Tulinunua pampu ya mkono ya bustani, ile ya kunyunyizia mimea, mpya kabisa ili isiwe na mabaki ya dawa. Mtoto huogelea, hupanda ngazi ya nyuma, hujipaka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo hutoa povu hata kwenye chumvi, hurukia tena baharini, kisha hunyunyiziwa lita moja na nusu ya maji matamu kuanzia kichwani hadi nyayoni. Chumvi ikiachwa ikaukie mwilini huleta vipele, hasa kiunoni na mapajani ambako nguo hukwaruza, na mzazi aliyewahi kukesha na mtoto anayejikuna hataiita lita hiyo na nusu kuwa ni anasa. Nguo, hata hivyo, hatuzifui kwa maji ya mtambo. Hizo husubiri mvua au bomba la nchi kavu, na familia isiyoweza kuukubali utaratibu huo ijue mapema kwamba 40E haikutengenezwa kwa ajili yake.

Kutoka Galapagos hadi Marquesas ni takribani maili 3,000 za bahari, bila bandari hata moja katikati, na mashua ya familia huchukua wiki 3 au 4. Sisi tuliondoka na matangi yaliyojaa, tukayafunga, tukaishi kwa maji ya mtambo siku hadi siku. Lita 300 kwa watu 4 kwa muda wa siku 28 ni lita 2.7 kwa kila mtu kwa siku: mtambo ungekufa njiani, tungefika tukiwa wachafu lakini wazima. Ningeomba kila familia ishike hesabu hiyo kabla ya kusoma sifa za mtambo wowote, kwa maana mtambo wa maji haupaswi kuwa sababu ya kubeba maji machache.

Historia ya bahari hii inalithibitisha hilo kwa namna ambayo mzazi hawezi kuisahau. Mwezi Juni 1972, mashua Lucette ya familia ya Robertson kutoka Uingereza ilipigwa na nyangumi wauaji magharibi ya Galapagos, ikazama kwa dakika chache. Watu 6, watoto wakiwa miongoni mwao, waliishi siku 38 kwa maji ya mvua na damu ya kasa hadi meli ya uvuvi ya Kijapani ilipowaona. Mwaka 1989, Bill na Simone Butler walipoteza mashua yao kwa nyangumi katika Pasifiki hiyo hiyo, wakaelea siku 66 ndani ya chelezo cha uokoaji cha kujazwa hewa. Wao walikuwa na pampu ya mkono ya kuondoa chumvi, na iliwapa maji ya kunywa muda wote huo. Pampu ile iliuzwa kwa jina la PUR, na ni ya ukoo mmoja na mitambo ambayo leo hubeba jina la Katadyn ya Uswisi. Mkono wa chuma unaofungwa kwenye 40E umeme ukikatika unatokana na ukoo huo. Tumeujaribu kwa makusudi: ni kazi ya kutoa jasho, lakini maji hutoka, na binti mkubwa aliweza kuusukuma kwa zamu na baba yake. Tahadhari yangu ni kwamba 40E imefungwa kwa parafujo chini ya sinki, na haiwezi kung'olewa kwa haraka mashua inapozama. Kwa ajili ya mfuko wa dharura tunabeba Survivor 06 ya kampuni hiyo hiyo, yenye uzito unaozidi kilo moja kidogo, ambayo kwa mkono hutoa chini kidogo ya lita 1 kwa saa. Kwa watu 4 hicho ni kiasi kidogo mno, na bado ni tofauti kati ya kuishi na kutoishi.

Sababu iliyonishawishi kuliko zote niliikuta Tuamotu. Hivi ni karibu atoli 80, visiwa vya matumbawe vyenye umbo la pete, na ardhi yake ni nyembamba, haina kilima wala mto. Watu wa Fakarava, Rangiroa na Makemo huvuna mvua kwa paa za nyumba zao na kuihifadhi kwenye matangi, desturi ambayo yeyote aliyekulia katika nyumba ya Lamu yenye birika ataitambua mara moja. Mgeni anayeshuka gatini na madumu matupu anaomba kitu ambacho mwenyeji anakipima kwa kata, na mwenyeji, kwa ukarimu wake, hatakataa. Naona ni aibu kumfikisha mtu mahali hapo. Tangu tuwe na mtambo, tumekwenda vijijini kununua mkate, kusali na kuwaacha watoto wacheze na wenzao, na hatujafungua bomba la mtu.

Maji ya bahari yaliyozungukwa na pete ya atoli ni safi mno, na hapo mtambo hufanya kazi kwa raha. Baba watoto hufungua vali, pampu huanza kugonga kwa mwendo wa polepole, sauti inayosikika mashua nzima, na maji ya mwanzo, ambayo bado yana chumvi, hutoka kwa mpira mwembamba unaong'aa na kumwagwa. Binti mdogo hushika kikombe chini ya mpira, hutumbukiza kipimo cha kidijitali cha chumvi, husubiri tarakimu zitulie, kisha huisoma kwa sauti. Ikishuka chini ya miligramu 500 kwa lita, mpira huhamishiwa kwenye chupa. Shirika la Afya Duniani huyahesabu maji yenye chini ya miligramu 600 za chumvichumvi kwa lita kuwa mazuri kwa ladha, nasi tumejiwekea kiwango kikali zaidi. Dada yake huandika saa na tarakimu katika daftari la hesabu, na daftari hilo hutuonyesha mapema utando unapoanza kuchoka, kwa sababu tarakimu hupanda kidogo kidogo kabla ulimi haujahisi lolote.

Utunzaji ndio upande mgumu, na muuzaji huupitia haraka. Maji ya bandari ya Papeete, kisiwani Tahiti, yana mafuta ya vyombo, na mafuta yakiufikia utando huuharibu, kwa hiyo huko hatuuwashi kabisa. Ghuba ya Taiohae, kisiwani Nuku Hiva, hugeuka kahawia baada ya mvua kubwa, na machujio huziba mapema. Mtambo usipotumika kwa siku chache katika joto hili, vijidudu vilivyobaki ndani hufa na kutoa harufu ya mayai yaliyooza, na dawa yake ni kuusuuza kwa maji matamu, au kutia dawa ya kuhifadhi ikiwa utakaa muda mrefu. Maji ya kusuuzia nayo yasiwe na klorini, kwani klorini huula utando, na maji ya bomba ya mjini mara nyingi hutiwa klorini. Tunatumia maji yaliyotengenezwa na mtambo wenyewe. Mipira ya pampu inayozuia maji yasivuje huchakaa, nayo hubadilishwa kwa mkono na mtu mwenye subira na mwongozo. Vipuri vibebwe tangu mwanzo: duka moja la ng'ambo lilitutumia machujio ya ukubwa usiokuwa wetu, na kisiwani, ambako mizigo hufuata ratiba ya meli ya shehena, kosa dogo la namna hiyo hugharimu wiki nyingi.

Bei ni dola elfu kadhaa za Marekani, na kwa kila lita inayotolewa kwa saa ni ghali. Kwa fedha zinazokaribiana na hizo, au kwa kuongeza, familia inaweza kupata mtambo mkubwa unaotoa makumi ya lita kwa saa, lakini mingi kati ya hiyo hudai jenereta, petroli, na mtu wa kuitengeneza, na mafuta hayapatikani kila kisiwa. Sisi tulipendelea kitu kidogo kinachoendeshwa na jua, chenye sehemu chache, na ambacho mkono wa mtu unaweza kukiokoa. Kelele yake haivumiliki usiku karibu na kitanda cha mtoto, hivyo huendeshwa mchana, wakati wa masomo, na watoto wamekwisha kuzoea kusoma nayo.

Ninaupendekeza kwa familia ya watu 2 hadi 4 inayokubali kupima maji, yenye sola ya kutosha na inayokaa sana kwenye nanga penye maji safi. Siupendekezi kwa mashua ya kukodisha, wala kwa familia yenye mtoto mchanga wa nepi za kufua. Kabla ya kulipa, familia na ijaze tangi ikiwa bado gatini, ifunge bomba la nchi kavu, iishi kwa wiki nzima kama itakavyoishi baharini, kisha igawanye lita zilizotumika kwa siku 7. Hesabu ikizidi lita 40 kwa siku, 40E italazimika kugonga kwa zaidi ya saa 7 kila siku, na hapo ni afadhali watafute mtambo mwingine.